Sindano Mbili, Neno Moja

Nyumbani kwetu Section 58, Nakuru, kuna ugomvi ambao umedumu kuliko ndoa nyingi za mtaani. Chanzo chake ni konsonanti moja. Katika santuri ndogo ya mizunguko 45 aliyoinunua marehemu baba mwaka wa 1974, mwimbaji, ambaye jina lake limekwisha kufifia kwenye karatasi ya katikati, anamsihi mpenzi wake. Mama amesikia miaka yote hii "usinifute". Mjomba anashikilia kuwa ni "usinisute". Mimi, ninayelipwa mshahara kwa kuwafunza vijana fonetiki, kila nilipoulizwa nilijikuna kichwa tu.

Hivi karibuni nilipata gramafoni ya pili yenye kichwa cha kisasa cha sindano. Nasema "kichwa" nikimaanisha kile kijidude kilicho kwenye ncha ya mkono wa gramafoni, kinachoibeba sindano na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Niliziunganisha mashine zote mbili, hii na ile ya marehemu baba, kwenye kikuza sauti kimoja ili pasiwe na upendeleo, kisha nikawaita wadai.

Kichwa cha baba ni cha kauri, kama vilivyokuwa vichwa vya gramafoni nyingi za majumbani enzi hizo. Ndani yake mna kipande cha kauri kinachotoa umeme kikiminywa, na ili kiminywe sawasawa sindano sharti iikandamize santuri kwa uzito wa gramu tano, sita au zaidi. Hicho kipya ni cha Audio-Technica, aina ya VM95E iliyotolewa mwaka wa 2018. Ndani yake sumaku ndogo hutikisika karibu na koili za waya, na gramu mbili zinatosha. Ncha ya sindano nayo ni tofauti. Ya zamani ni duara, yenye nusu kipenyo cha takriban mikroni 18. Ya sasa ni ya umbo la yai, na ubavu wake mwembamba haufiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo huingia katika vikunjo vya mfuo ambavyo ile ya duara huviruka.

Tulianza na ya baba. Sauti ilikuja nene, yenye joto, mwimbaji akawa kama ameketi sebuleni nasi. Mama akatabasamu. Neno likasikika "usinifute", wala sikuwa na ubishi.

Tukaweka kichwa kipya. Kwanza tulisikia mikwaruzo na vumbi lote la Nakuru, mji ambao jina lake lenyewe aghalabu huelezwa kuwa lilitokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi. Kisha likajitokeza gitaa la pili ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo. Kiitikio kilipofika, mjomba aliruka kutoka kitini. "Usinisute!"

Maelezo yake si magumu. "S" na "f" zote ni vikwamizi, na nguvu kubwa ya "s" iko juu, kupita hezi 4000. Ukiikata sehemu hiyo ya juu, "s" hufanana na "f". Ndiyo maana katika simu za kale, ambazo hazikupitisha sauti zaidi ya hezi 3400 hivi, tulilazimika kutaja majina yetu herufi kwa herufi. Kichwa cha kauri huzipunguza sauti hizo za juu, na "joto" tunalolisifu, kwa sehemu kubwa, ni upungufu huo.

Lakini haifai kuitupia sindano kila kosa. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi kule Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefahamika huko kwa santuri. Hapo "j" iligeuka "ch" kwa kuwa Kikalenjin hakitofautishi konsonanti hizo kwa ughuna. Hilo ni tendo la sikio, na hakuna kichwa cha sindano kitakacholirekebisha.

Wala si kila cha kale ni kibovu. Denon DL-103, kilichobuniwa Japani mwaka wa 1962 kwa ajili ya utangazaji, kinaundwa hadi leo. Shure, waliotoa V15 mwaka wa 1964, waliacha kutengeneza vichwa vya sindano mwaka wa 2018, na wako wanaovililia mpaka sasa. Kwa upande mwingine, zile gramafoni mpya za mkobani zinazouzwa kama zawadi huwa na kichwa kile kile cha kauri, uzito wa takriban gramu tano. Ni mpya kwa rangi tu.

Nina hofu na uzito huo. Santuri za akina Daudi Kabaka na Fadhili William zilizotoka Equator Sound, Nairobi, zingali kwenye makabati ya watu, na kila zinapochezwa kwa kichwa kizito, kuta za mifuo hulika, na sauti za juu ndizo zinazotangulia kutoweka. Katika santuri yetu kiitikio cha kwanza kina "s" safi. Cha mwisho, karibu na karatasi, ambapo mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ndogo zaidi na kila kitu kimebanana, nimekipima kwa programu ya kompyuta bila kupata jibu. Hapo baba aliimaliza kwa mapenzi yake mwenyewe. Kwa hiyo anayezinakili santuri hizi na aandike ametumia kichwa gani, na akishanakili asizitupe.

Nilimweleza mama haya yote. Alinisikiliza kwa subira anayowawekea watu waliosoma sana.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Huyo wako anaomba asisutwe. Yule wa baba yako alikuwa akiomba asifutwe. Nirudishie wa baba yako."

Santuri nimeificha. Nilimrekodia mara moja kwa kichwa cha kauri, nikamtilia wimbo kwenye simu yake. Hajui bado kwamba gramafoni haichezi tena, na mjomba ameapa kutosema.