Mzazi, usiuruke wimbo wa mwanzo wa tamthilia

Katika nyumba nyingi, wimbo wa mwanzo wa tamthilia hufanya kazi ya kengele. Aliyekuwa jikoni anafunika sufuria, aliyekuwa akipiga pasi anachomoa waya, na mtoto aliyekwishaambiwa akalale anachungulia mlangoni akiwa na shuka begani.

Mimi ni mpenzi wa tamthilia, na mianzo yake naipenda zaidi ya watu wengi ninaowafahamu. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, naamini dakika hiyo ya muziki na majina ya waigizaji ni mali ya mzazi. Ndiyo nafasi ya mwisho ya kuamua nani aangalie na mpaka saa ngapi. Hadithi ikishaanza, kumtoa mtoto sebuleni ni ugomvi.

Mwanzo mzuri hukuambia unachokiendea

Chukua The Sopranos, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 1999. Mwanzo wake ni mwanamume anaendesha gari huku akivuta sigara kubwa, anatoka New York kurudi nyumbani kwake New Jersey. Hakuna risasi wala ngumi. Kwangu ni moja ya mianzo bora kabisa, kwa sababu inakuambia mapema kwamba huyu ni jambazi, na pia ni baba anayerudi kwa mke na watoto.

The Wire, inayohusu polisi na biashara ya dawa za kulevya katika jiji la Baltimore, ilikuwa na misimu mitano na wimbo mmoja. Kila msimu wimbo uleule uliimbwa kwa sauti nyingine, kama kukumbusha kwamba jiji ni lile lile ila mtaa umebadilika. Game of Thrones nayo ilifungua kwa ramani ambayo miji yake inainuka kama vyuma vya saa, na ramani hiyo ilibadilika kufuata maeneo ambayo hadithi ingepita.

Zote tatu ni kazi nzuri, na zote tatu ni za watu wazima. Mtoto wa miaka sita akiiona ramani ile nzuri au gari likikata barabara, hana namna ya kujua kinachofuata. Mzazi ndiye anayepaswa kujua.

Mianzo inayowavuta watoto

Squid Game ya Korea Kusini, iliyotoka Netflix Septemba 2021, ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Sehemu ya kwanza inaanza na picha za rangi nyeusi na nyeupe, watoto wakicheza mchezo wa mtaani. Baadaye zinakuja ngazi za rangi za kupendeza na mwanasesere mkubwa. Ukipita haraka sebuleni utadhani ni kipindi cha watoto, kumbe kila anayeshindwa mchezo anauawa. Mwaka huo huo baadhi ya shule za Uingereza na Ubelgiji ziliwaonya wazazi baada ya wanafunzi kuanza kuiga michezo hiyo uwanjani.

Kwetu Tanzania, nyumba nyingi ziliipenda Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Azam TV. Mavazi, kasri, muziki na mabishano ya Hurrem vilikusanya familia nzima. Lakini ni tamthilia ile ile ambayo Sultan Suleiman anaamuru mwanawe, Mustafa, auawe, jambo lililotokea kweli mwaka 1553. Mtoto wa miaka saba aliyekaa pembeni ya baba yake wakati huo anaweza kubaki na swali ambalo hatalisema kwa sauti.

Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka saba au minane, hupata tabu kutenganisha igizo na jambo la kweli. Hofu yao huonekana baadaye, wanapoogopa kwenda chooni peke yao, wanapoota ndoto mbaya au wanapokataa kulala bila taa.

Kwa hiyo muziki unapolia, angalia namba iliyo kwenye kona ya skrini au kwenye maelezo ya kipindi. DStv, kwa mfano, huweka PG, 13, 16 au 18, na herufi kama V kwa ukatili, L kwa lugha chafu na S kwa mambo ya ngono. Hilo halichukui hata sekunde tano.

Kitufe kilichoondoa mlango

Mwaka 2017 Netflix ilileta kitufe cha kuruka mwanzo. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilisema kitufe hicho hubonyezwa mara milioni 136 kwa siku ya kawaida, na kuwaokolea watazamaji jumla ya miaka 195.

Mimi siupendi wokovu huo. Ukiruka mwanzo, na simu ikajichezea yenyewe sehemu inayofuata, hakuna tena mahali pa kusimama. Unakusudia kuangalia sehemu moja, unashtuka ni saa saba usiku.

Gharama yake ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila siku. Mtoto anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule anapaswa awe amelala saa 2 usiku ili apate hizo tisa tu. Akiangalia tamthilia ya saa 3 mpaka saa 4, anapata saa saba. Kwa siku tano za shule amepoteza saa kumi, na mwalimu ndiye anayeziona anaposinzia, anaposahau na anapokasirika ovyo.

Kwa wadogo zaidi, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtoto asiyefikisha mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Itumie dakika hiyo

Ufanye wimbo wa mwanzo uwe kengele ya kulala ya wadogo. Kupiga mswaki na kwenda chooni kuishe wakati wa taarifa ya habari, ili muziki ukianza wao wawe wanasema usiku mwema. Siku za kwanza watalia, lakini mkishikilia wote wawili, pamoja na dada wa kazi, watazoea.

Kwa wanaoishi chumba kimoja ni vigumu zaidi, maana runinga na kitanda vinatazamana. Hapo marudio ya mchana yanasaidia, au kuangalia kwenye simu kwa kutumia spika za masikioni watoto wakishalala.

Wape na wao kipindi chao, mapema jioni. Akili and Me ya Ubongo, iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania, inamhusu mtoto wa miaka minne anayeingia katika nchi ya maajabu kila anapolala. Ni rafiki mzuri wa kumkumbusha mtoto kwamba kulala si adhabu.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea usimfukuze kila mara. Kaa naye, na mwanzo unapopita muulize anadhani leo nani atadanganywa. Ni rahisi kuzungumza kuhusu usaliti au pombe kupitia mhusika wa tamthilia kuliko kumkalisha kumhubiria.

Na wewe mwenyewe, ingia kwenye mipangilio uzime kujicheza kwa sehemu inayofuata, na useme idadi ya sehemu kabla ya kubonyeza.

Kama mtoto ameshaona kilichomtisha, usimcheke. Mwache aeleze, mwambie wale ni waigizaji, na mkae naye mpaka atulie. Hofu au ndoto mbaya zikiendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya azungumze na mtaalamu.