Boti za Kibirizi na Matembezi ya Kiangazi

Wako watu wanaodhani kwamba kutembea kwa ajili ya kuitazama nchi ni kazi ya wageni watokao ng'ambo, na kwamba Mtanzania akisafiri sharti awe na msiba, au harusi, au mzigo wa kuuza. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Mwalimu wa shule ya Mwanga, karani wa reli, fundi wa cherehani na watoto wao wana haki ya kuondoka nyumbani asubuhi, wakaona mahali wasipopaona kabla, na wakarudi jioni kulala katika vitanda vyao. Na kama kuna mahali katika nchi yetu palipoumbwa kwa matembezi ya namna hiyo, basi ni mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ujiji mpaka Kagunga, ambao mlango wake ni mwalo wa Kibirizi.

Mvua hukatika mwezi wa Mei, na tangu hapo hata Septemba siku ni kavu na usiku una ubaridi wa kupendeza. Ni kweli kwamba miezi ya mwisho ya kiangazi moshi wa mioto ya nyika huificha milima ya Kongo, hata mtu akadhani ziwa halina ng'ambo. Lakini maji ni maangavu, na mtu aliyeketi ukingoni mwa boti huona mawe yaliyo chini na samaki wadogo wakipita kati yake. Ziwa hili lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake kinakaribia meta 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu lililo na kina kulipita. Jambo hilo watoto wetu hulisoma darasani, na wengi wao humaliza shule bila kulitia mkono.

Kibirizi iko mwendo mfupi kaskazini ya bandari ya Kigoma. Si mahali pa starehe, wala hatutaki kumdanganya msomaji. Kuna harufu ya dagaa walioanikwa, kuna madumu ya mawese, kuna kelele za wapagazi, na mtu asiyetazama njia yake hujikwaa katika kamba. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi hutanda majini kama mji uliohamia ziwani. Hayo nayo ni ya kutazamwa. Anayefika Kibirizi alfajiri vyombo vinaporudi amekwisha pata nusu ya matembezi yake kabla ya kupanda boti.

Tatizo lipo hapo kwenye boti. Boti za abiria ziendazo kaskazini zimepangiwa saa zake kwa faida ya watu wa vijijini, na ni haki iwe hivyo. Huondoka Kagunga na Mwamgongo usiku au alfajiri, zikafika Kibirizi asubuhi zikiwa na watu na mizigo ya kwenda sokoni. Kisha hurudi mchana, watu wakiwa wamekwisha nunua sukari, sabuni na mabati. Kwa hiyo mtu wa Kagunga aweza kuja Kigoma akarudi kwao siku ile ile, bali mtu wa Kigoma akitaka kwenda kuona Mwamgongo hana budi alale huko. Ndiyo kusema mwanakijiji anaujua mji, na mtu wa mji hakijui kijiji. Mwenye fedha hukodi boti nzima, na hiyo ndiyo desturi ya wageni. Mshahara wa karani haufiki huko.

Twaona kwamba dawa yake si ngumu. Boti moja ikiondoka Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi kila Jumamosi ya kiangazi, ikapita Kalalangabo, Kigalye na Mtanga, ikashusha watu Gombe na Mwamgongo, kisha ikageuka saa tisa, itajaa. Gombe yenyewe iko kilometa zipatazo 16 kutoka mjini. Ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Huko ndiko alikofika Jane Goodall mwezi wa Julai mwaka 1960, naye kabla mwaka huo haujaisha alimwona sokwe akichomeka kijiti katika kichuguu ili atoe mchwa ale. Habari hiyo iliwafanya wataalamu wa ulimwengu wafikiri upya, maana walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza chombo cha kazi ni kwa binadamu peke yake. Mama huyo alifariki dunia mwezi wa Oktoba 2025, na magazeti ya mabara yote yalilitaja jina la Gombe. Je, ni watoto wangapi wa Kibirizi, ambao milima ya Gombe wanaijua kwa macho, waliowahi kukanyaga mchanga wake? Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kukilinganisha na cha mgeni. Kinachowazuia ni chombo cha kuwapeleka na kuwarudisha.

Lakini aendaye Gombe na ajue kwamba sokwe huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia, wengine wakafa na wengine wakabaki vilema. Mwenye kikohozi na abaki Mwamgongo anywe chai. Kijiji hicho kinatosha kuwa matembezi kamili. Nyumba zimesongamana kati ya mlima na maji, migomba na michikichi imepanda mpaka juu, na kila kitu, hata sherehe ya harusi, hutazama ziwani. Kagunga, iliyo karibu kabisa na mpaka wa Burundi, ni mbali mno kwa safari ya siku moja, ila yafaa itajwe kwa heshima. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia katika ufuko ule mwembamba, na meli ya Liemba ikawa ikienda na kurudi kuwaleta Kigoma. Meli hiyo ndiyo ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924.

Upande wa kusini mambo ni rahisi, kwa kuwa Ujiji hufikiwa kwa daladala. Wageni huenda kutazama mnara wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha chini ya miembe, wakaondoka. Huo ni upungufu. Ujiji ulikuwa mji kabla ya Livingstone, na ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Tena mtembezi ajiulize kwa nini mnara ule uko mbali na maji, hali wakati ule ziwa lilikuwa jirani. Sababu ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalibomoa kizuizi katika mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mto pekee unaotoa maji ziwani, na ziwa likashuka. Tangu mwaka 2020 limepata kupanda tena, likaingia katika nyumba na mialo ya ufukweni. Wakazi wa mwambao hawana haja ya kuelezwa.

Jambo moja wageni wengi hawaambiwi: baada ya kukutana, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji wakaenda kaskazini kando ya ufuko huu huu, mpaka mwisho wa ziwa, wakitaka kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Waliona kwamba waingia. Walioongoza mtumbwi na kupiga makasia majina yao hayakuandikwa kwenye mnara. Sisi twapendelea mtu aanze matembezi yake kwa mafundi wanaounda vyombo ufukoni Ujiji, awatazame wakipiga misumari na kuziba nyufa, kisha ndipo aende kwenye mnara.

Sasa tuseme juu ya riziki. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Shabaha ya jambo hilo ni njema, kwani samaki walikuwa wamepungua. Lakini miezi hiyo ndiyo kiangazi chenyewe, na ndiyo iliyo na likizo ya shule. Wakati chombo cha mvuvi kilipokuwa kimelala mchangani na mama lishe wa mwalo hana wa kumpikia, watu wa mjini walikuwa na nafasi ya kutembea na hawana pa kupanda. Hatusemi kwamba kipe cha kuvulia dagaa chaweza kugeuzwa kuwa boti ya abiria kwa siku moja. Hilo ni hatari. Twasema kwamba wenye boti, kwa umoja wao, pamoja na Manispaa ya Kigoma-Ujiji, waweza kuziandaa boti chache zilizokaguliwa kwa ajili ya miezi hiyo.

Tena zikaguliwe kwelikweli. Kiangazi kina upepo wake wa kusini-mashariki, na alasiri mawimbi huwa makubwa. Nchi hii haijausahau mwezi wa Mei 1996, meli ya Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria na kuchukua mamia ya watu. Kila abiria avae koti la kuokolea maisha, si kulikalia. Idadi ya watu iandikwe ubavuni mwa boti kwa rangi, na nahodha akatazwe kuipita hata kwa mtoto mmoja. Nauli nayo ibandikwe kwenye ubao pale Kibirizi, bei ya kwenda na bei ya kurudi, moja kwa mgeni na mwenyeji, mahali ambapo mtu ataisoma kabla ya kukunja suruali yake na kuingia majini.