Gari lako la dizeli lina kifuniko cha bluu? Yajue haya kuhusu AdBlue kabla hujaingia hasara

Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani na Ulaya yana matanki mawili. Moja ni la dizeli. La pili ni dogo, mara nyingi lina kifuniko cha bluu, na wapo wanaokaa nalo miezi bila kujua ni la nini. Wanakuja kushtuka siku taa inapowaka kwenye dashibodi na gari linagoma kuwaka.

Kinachowekwa kwenye tanki hilo kinaitwa AdBlue. Marekani wanakiita DEF. Kwa lugha nyepesi ni maji ya urea.

Si mafuta, si oili, wala si dawa ya kuchanganya na dizeli. Ukishika hilo tu, umeshajiepusha na kosa kubwa kuliko yote.

Ndani yake kuna nini?

Vitu viwili tu: urea safi asilimia 32.5, na asilimia 67.5 iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini yote. Kipimo hicho hakibadiliki, uwe Mombasa au Berlin, kwa sababu kinafuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 22241.

Jina AdBlue ni alama ya biashara ya chama cha watengenezaji magari cha Ujerumani, VDA. Kampuni nyingine huuza maji hayo hayo kwa majina yao. Kwa hiyo usibabaishwe na jina kwenye kidumu. Cha muhimu ni namba ya kiwango.

Na licha ya jina lake, AdBlue haina rangi. Inaonekana kama maji ya kunywa. Ukiuziwa kitu cha bluu au chenye mawingu ndani, kiache hapo hapo.

Kazi yake ni ipi?

Injini ya dizeli hukandamiza hewa kwa nguvu na kuipasha joto kali sana. Katika joto hilo, nitrojeni na oksijeni za hewani huungana na kuwa gesi zinazoitwa oksidi za nitrojeni. Gesi hizi huwasha koo na mapafu, huwasumbua zaidi watoto na watu wenye pumu, na huchangia ule ukungu mchafu wa mijini.

Mtambo unaoitwa SCR umewekwa kwenye bomba la eksozi ili kuzivunja. Pampu hunyunyiza AdBlue kidogo kidogo kwenye moshi wa moto. Joto huigeuza urea kuwa amonia. Amonia inakutana na zile gesi mbaya ndani ya kichujio maalumu, na kinachotoka nje ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Mtambo mzima ukiwa sawa, unaweza kupunguza gesi hizo kwa asilimia 90 hivi.

Usichanganye SCR na DPF. DPF hunasa masizi meusi. AdBlue haiisafishi DPF, na DPF iliyoziba haizibuki kwa kujaza AdBlue.

Utajuaje kama gari lako linatumia?

Si kila dizeli inatumia. Mazda CX-5 ya dizeli yenye injini ya lita 2.2, ambayo wengi wameiagiza kutoka Japani, ina DPF lakini haihitaji AdBlue. Toyota Prado ya injini ya lita 2.8 iliyouzwa Japani kuanzia 2015 inahitaji. Mercedes zenye maandishi BlueTEC nyingi zinahitaji, na malori mengi ya Ulaya ya kiwango cha Euro 5 na Euro 6 pia.

Usiende kwa jina la gari peke yake. Gari la jina lile lile lililotengenezwa kwa soko la nchi nyingine linaweza kuwa halina mtambo huu kabisa. Angalia mambo matatu: kifuniko chenye maandishi AdBlue, DEF au Urea, taa au kipimo chake kwenye dashibodi, na kitabu cha gari. Kifuniko kinaweza kuwa karibu na mdomo wa dizeli, chini ya boneti au ndani ya buti.

Inaisha kwa kasi gani?

Kwa malori, kadiria asilimia 3 hadi 5 ya dizeli unayochoma. Chukua lori linalokunywa lita 40 kila kilomita 100. Kwa safari ya kilomita 900, karibu na umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, litachoma dizeli lita 360. Kwa asilimia 5, AdBlue itakayotumika ni lita 18. Maana yake kidumu cha lita 20 kinatosha kwenda, lakini hakitoshi kwenda na kurudi.

Gari dogo hutumia kidogo zaidi, na tanki lake linaweza kukaa maelfu ya kilomita. Ndiyo maana wengi husahau kama lipo.

Ikiisha itakuwaje?

Gari halikushtukizi. Magari mengi madogo huanza kuonya yakiwa yamebakiza zaidi ya kilomita 1,000, na onyo linakuwa kali kadiri unavyolipuuza. Injini haizimi ghafla barabarani. Lakini tanki likishakauka, ukizima gari halitawaka tena mpaka ujaze.

Malori hubanwa kwa njia nyingine. Kompyuta hupunguza nguvu ya injini, kisha inalilazimisha lori kutembea mwendo wa kutambaa. Ukiwa umebeba mzigo wa watu na uko katikati ya mlima, hiyo ni siku mbaya.

Unapojaza baada ya onyo, usitie lita moja ukadhani umemaliza. Baadhi ya magari hayatambui kiasi kidogo hivyo, na taa itabaki inawaka. Fuata kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu.

Mwaka 2021 nchi nzima ilionja hali hii. Oktoba mwaka huo China ilibana uuzaji wa urea nje. Korea Kusini, iliyokuwa ikitegemea China kwa karibu urea yake yote ya viwandani, ikaona malori yake yako hatarini kusimama. Novemba serikali ikatuma ndege ya jeshi hadi Australia kuchukua lita 27,000, na ikaweka ukomo wa kununua: lita 10 kwa gari dogo, lita 30 kwa lori. Mwenye malori anayesubiri taa iwake ndipo aanze kutafuta dumu, ajifunze hapo.

Kosa la kwanza: kuimimina kwenye tanki la dizeli

Hili ndilo kosa baya kuliko yote. AdBlue ni nzito kuliko dizeli, hivyo huzama chini ya tanki, pale pale pampu inapovutia mafuta. Ikifika kwenye pampu na nozeli huleta kutu na chembe nyeupe ngumu. Mfumo mzima wa mafuta unaweza kufa.

Ukigundua umekosea, usiwashe gari, na hata ufunguo usiuzungushe, kwa sababu magari mengi huanza kuvuta mafuta mara tu unapofungua swichi. Livute hadi gereji, tanki likaushwe na kuoshwa. Gharama ya kulivuta na kuosha tanki ni ndogo mno ukilinganisha na pampu na nozeli mpya.

Kinyume chake pia ni hatari. Dizeli kidogo tu ikiingia kwenye tanki la AdBlue huharibu mipira ya mfumo na kukichafua kile kichujio cha SCR. Mdomo wa tanki la AdBlue kwenye gari dogo ni mwembamba, bomba la dizeli la sheli haliingii. Lakini anayejaza kwa dumu na mrija hana kinga hiyo. Tenga mrija wa AdBlue na usiutumie kwa kitu kingine chochote.

Kosa la pili: kujitengenezea kwa mbolea

Wazo linavutia: urea si ndiyo ile ya shambani? Nunua mfuko, korogea kwenye maji ya bomba, umemaliza. Hapo ndipo watu wanapolia.

Mbolea ya urea hufunikwa kwa kemikali ili punje zisigandane, na haikusafishwa kwa ajili ya mitambo. Maji ya bomba, na ya kisima zaidi, yana chokaa na chumvi. Kiwango cha ISO kinaruhusu kalisi isiyozidi nusu miligramu katika kilo nzima ya AdBlue. Maji ya bomba yanapita hapo mara nyingi sana. Uchafu huo hauungui. Unabaki kwenye nozeli na kwenye kichujio, unaziba taratibu, na kichujio kikishafunikwa mara nyingi hakisafishiki, kinabadilishwa.

Wapo pia wanaouliza kuhusu mkojo, kwa kuwa nao una urea. Urea yake ni kama asilimia 2 tu, na chumvi imejaa. Usijaribu.

Kuongeza maji kwenye AdBlue ili ifike mbali ni hasara ile ile. Sensa hugundua kipimo kimeshuka, gari linaandika kosa, na unarudi gereji.

Kosa la tatu: kuiacha juani

Ulaya na Marekani wanahofia baridi, kwa sababu AdBlue huganda ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri. Adui wa huku kwetu ni joto. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 25 hukaa miezi 18. Kwenye nyuzi 30 ni miezi 12. Kwenye nyuzi 35 ni miezi 6 tu, maana urea huanza kuvunjika na kutoa amonia.

Sasa fikiria dumu lililokaa nje ya duka juani Dar, Mombasa au Lodwar. Hujui limekaa hapo tangu lini. Kwa hiyo kabla hujalipa, kagua:

- Namba ISO 22241 kwenye lebo.
- Tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi.
- Lakiri ya kifuniko, iwe haijafunguliwa.
- Rangi, iwe angavu kama maji.
- Harufu. Ikikupiga puani kama amonia kali, imeshachoka.

Mwenye malori kadhaa anaweza kununua kipimo kidogo cha mkononi kinachoitwa refraktomita. Unadondosha tone moja, unasoma asilimia ya urea. Kinaonyesha kama imechanganywa na maji, ingawa hakionyeshi uchafu wote.

Hifadhi AdBlue kwenye chombo chake cha plastiki, kivulini, kimefungwa. Vyombo vya shaba na chuma cha kawaida haviifai, inavila. Usiiweke kwenye chupa ya soda, mtoto atadhani ni maji. Ikimwagika kwenye rangi ya gari au mkononi, osha kwa maji mengi. Ikikaukia huacha unga mweupe.

"Tuikate tu": fikiria mara mbili

Taa ikiwaka mara kwa mara, kuna fundi atakayekwambia tiba ni kuufuta mfumo kwenye kompyuta, au kufunga kifaa kinachoidanganya kompyuta kwamba kila kitu kiko sawa. Taa inazima kweli. Tatizo ni kinachoendelea kutoka nyuma ya gari.

Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yake kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Ililipa mabilioni ya dola. Fundi anayefuta SCR anafanya jambo la aina hiyo hiyo kwa gari moja moja. Marekani na Ulaya ni kosa la kisheria. Na gesi zile hazipotei: zinavutwa na muuza machungwa wa stendi, na utingo anayelala ndani ya lori. Moshi wa dizeli wenyewe umewekwa tangu 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani.

Kabla ya kukubali kukata, mwambie fundi akuonyeshe namba za makosa zilizosomwa na mashine. Mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja: sensa ya gesi, nozeli iliyozibwa na chembe nyeupe, au pampu. Nozeli iliyoziba huweza kuoshwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Unanunua gari lililotumika?

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za onyo ziwake zote kwa sekunde chache kisha zizime. Ile ya AdBlue au ya injini isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliifungia. Kipimo cha AdBlue kikionyesha "imejaa" huku tanki ni kavu, mfumo umeshadanganywa.

Kisha fungua kifuniko cha bluu na chungulia. Chembe nyingi nyeupe mdomoni, au harufu ya dizeli ndani yake, ni sababu tosha ya kushusha bei au kuondoka. Muulize muuzaji alijaza lini mara ya mwisho na alinunua wapi. Asiyejua swali hilo linahusu nini, hajalitunza tanki hilo.