Mche Wako Mama Yake Nani?



Siku hizi kila tukifika katika shamba la mwanachama twaonyeshwa miche. Huyu kapanda thelathini, yule kapanda mia. Twafurahi sana, maana mikarafuu mingi ya kisiwa chetu imezeeka, na shamba la wazee watupu lisilo na vijana ni shamba linalokwisha. Lakini tukiuliza, "Mbegu zake umeziokota chini ya mti gani?" aghalabu twapata jibu moja: "Ah, Bwana Katibu, karafuu si karafuu tu!"

Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Wataalamu wa kilimo wanajishughulisha na swali hilihili, ya kwamba mkarafuu huu na ule zina tofauti gani katika asili yake, na yamkini majibu yao ndiyo yatakayoamua wajukuu wetu watachuma nini. Lakini mtaalamu hawezi kufanya kazi na mti uliokwisha kukatwa kuni.

Kwanza tutazame tulikotoka. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi walitaka biashara ya karafuu iwe yao peke yao, basi wakaing'oa mikarafuu katika visiwa vingi vya huko na kuiacha ilimwe Ambon na visiwa vya jirani yake. Hapana shaka aina nyingi zilipotea wakati huo, ambazo sisi hatutazijua kamwe. Mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa na cheo cha serikali Mauritius, waliweza kuitoa miche huko kwa siri. Iliyopona baharini na ardhini ilikuwa michache. Kutoka Mauritius ikaenda Bourbon, kisiwa ambacho leo chaitwa Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikaingia Unguja, ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said akaihimiza mpaka ikafunika Unguja na Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Ndiyo maana mpaka leo ukitaja karafuu, mtu hutaja Pemba.

Basi fanyeni hesabu. Waholanzi walipunguza, Wafaransa wakachukua konzi moja katika kile kilichobaki, nasi tukapata konzi katika konzi ile. Zaidi ya hayo, ua la mkarafuu huweza kujizalisha lenyewe, bila ya kungoja mbegu ya kiume ya mti mwingine, na mara nyingi ndivyo lifanyavyo. Mtoto hufanana sana na mama. Jambo hili lina heri na lina hatari. Heri yake ni kuwa mama mwema hutarajiwa kuzaa watoto wema. Hatari yake ni kuwa maradhi yakijua njia ya kuuingia mti mmoja, huenda yameijua njia ya kuingia shamba zima.

Wazee wetu wameyaona hayo kwa macho. Maradhi ya kufa ghafla yalikuwa yamekwisha julikana katika visiwa hivi tangu zamani. Mti mkubwa, mzima, wenye kubeba, majani yake hupoteza rangi, huanza kupukutika, na baada ya muda mfupi wote umesimama mkavu kama uliopigwa na radi. Kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi hapa, F. J. Nutman na F. M. Roberts, walichimba mizizi badala ya kutazama majani. Wakaona ya kwamba mizizi midogo, ile inayonyonya maji, imeliwa na kuvu, nao wakaipa jina la Valsa eugeniae. Mti hufa ghafla machoni petu tu. Chini ya ardhi umekuwa ukifa kidogo kidogo. Miaka ya 1980 walikuja wengine wakauliza kama kuvu ile ndiyo sababu ya peke yake, na kuuliza huko si aibu katika elimu.

Wawili hao walieleza pia maradhi ya pili, yale ya matawi kukauka kuanzia nchani, na hapa walitupa somo ambalo halitaki fedha. Kuvu ya maradhi hayo haiwezi kupenya gome zima. Huingia penye jeraha. Na nani huujeruhi mkarafuu kuliko mchumaji mwenye haraka, anayevuta tawi kwa ngoe mpaka likakatika na kuliacha likining'inia? Tumeyasema haya katika mikutano na tutayasema tena: tawi lililovunjika likatwe vizuri, chini ya pale ambapo mti umegeuka rangi, wala lisiachwe hivyo hivyo kwa kuwa msimu umekwisha na wachumaji wamekwenda zao.

Wenzetu wa Indonesia nao walipata msiba wao. Huko Sumatra mikarafuu ilikuwa ikifa kwa namna inayofanana na yetu, na mtu angesema ni maradhi yale yale. Utafiti ukaonyesha sivyo. Mkosaji wa Sumatra ni bakteria akaaye katika mishipa ya maji ya mti, ambaye mwaka 1990 alipewa jina la Pseudomonas syzygii, naye huchukuliwa kutoka mti hata mti na wadudu wadogo wa jamii ya Hindola wanaofyonza maji ya mti. Twayataja haya kwa sababu moja. Wako wanachama wanaosema, "Ugonjwa ni ugonjwa, tupeni dawa." Lakini anayeliwa mizizi na kuvu na anayezibwa mishipa na bakteria hawatibiwi dawa moja, hata kama wote wawili wamekauka sawasawa. Kutazama kwanza si kupoteza wakati. Na tusisahau kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, ilipanda kwa wingi mpaka ikajitosheleza, na leo ndiyo ya kwanza duniani kwa mavuno.

Sasa habari mpya. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kuwa wameisoma ramani nzima ya urithi wa mkarafuu, yaani yale maandishi madogo mno yaliyomo ndani ya kila chembe ya mti, ambayo huitwa jeni. Walitaka hasa kujua mti hutengenezaje eugenoli, ile inayoipa karafuu ukali na harufu na kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Faida ya ramani kama hiyo ni kupunguza kungoja. Mkarafuu huchukua miaka 6 hata 8 kabla ya kuonyesha ua la kwanza, na miaka kama 20 kabla ya kukomaa kwa kubeba. Mtafiti anayetaka kujua kama mche fulani ni mwema sharti angoje nusu ya umri wake wa kazi. Akiweza kusoma katika jani la mche mdogo dalili ya sifa anayoitafuta, atakuwa ameokoa miaka mingi. Hatusemi kuwa jambo hilo limekwisha timia kwa karafuu. Twasema mlango umefunguliwa.

Iko pia mikarafuu ya mwituni huko Maluku. Harufu yake ni haba na eugenoli yake ni kidogo au hakuna kabisa, wala hakuna tajiri atakayeinunua. Lakini ina urithi ambao yetu haina, na kwa hiyo wako walioifikiria kuwa dawa ya umaskini wa mbegu tulioueleza hapo juu. Kuichanganya na yetu, kisha kuirudisha harufu, ni kazi ya vizazi kadhaa vya miti. Sisi wenye mashamba hatuwezi kuingoja tumekaa.

Na hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Yuko mama mmoja, mwanachama wetu, ambaye konde lake moja lilipata maradhi ya kufa ghafla zamani, wakati wa uhai wa mumewe. Miti ya safu ile yote ilikufa isipokuwa mmoja. Umesimama peke yake mpaka leo, umezeeka, haubebi sana, na wanawe wanataka kuukata ili wapande muhogo. Tulikwenda kuutazama. Bi huyo akatuambia, "Wanangu, mimi nauona haya kuukata, maana umezika wenzake wote." Sisi tukamwambia una sababu nyingine ya kuachwa. Huenda ulipona kwa bahati tu, mizizi yake ilikuwa mbali au ardhi yake ina kitu. Na huenda ulipona kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo. Hakuna awezaye kujua kwa kuutazama. Hujulikana kwa kupanda watoto wake, pamoja na watoto wa miti mingine, katika ardhi moja, na kungoja mpaka wakue, kwa maana maradhi yale hupendelea miti iliyokomaa na kuacha michanga. Wanawe walisikiliza, mmoja akacheka. Mti haujakatwa hadi tunapoandika.

Sisi wenyewe si watakatifu katika jambo hili. Miaka michache iliyopita tuling'oa miche arubaini iliyojiotea chini ya mkarafuu ulio karibu na nyumba, kwa sababu tu ulikuwa karibu na nyumba. Tukaipanda mvua zikiwa zinakwisha, bila ya kivuli. Ikabaki saba. Na mama yake, tulipokuja kupima vizuri, alikuwa mmoja wa miti mivivu kabisa ya shamba lile.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kitalu cha chama chetu kisipokee tena mbegu isiyojulikana mama yake. Kila mwanachama achague miti mitano katika shamba lake, aitie alama ya chokaa, na aandike pishi za karafuu mbichi zilizotoka katika kila mmoja, msimu hata msimu. Msimu mmoja hautoshi, maana mnajua jinsi mkarafuu unavyobeba sana mwaka huu na mwaka wa pili ukakupa mgongo. Mti wowote uliosalia mahali ambapo wengine wamekufa uandikwe hata kama haubebi kitu, na usikatwe kabla ya kutuarifu. Orodha hizo tutazipeleka kwa wataalamu wa Kizimbani, na bwana shamba ataombwa aje kuitazama miti yenyewe.

Juu ya mbegu: acheni matunda yaive hata yawe ya zambarau, yaokoteni, yaloweke usiku mmoja, ondoeni ganda, na mbegu zipandwe mara moja kivulini. Msizianike. Mbegu ya karafuu ikikauka imekufa, na hata isipokauka haikai siku nyingi. Wanaotoka mbali wazilete zikiwa ndani ya matunda yake, katika pakacha lililotandikwa majani mabichi.

Madaftari ya kuandikia yapo ofisini, moja kwa kila mwanachama. Wasiojua kuandika walete mtoto wa skuli, nasi tutamwonyesha namna ya kujaza.