Fundi wa Uani, Linda Pumzi Yako na ya Watoto Wako



Katika toleo hili tunazungumzia kazi ambayo iko karibu kila mahali hapa Nakivale: kutengeneza pikipiki, jenereta na mashine ndogo nyumbani. Ukipita Base Camp, Juru au Rubondo utawakuta vijana wamechuchumaa uani, kabureta imefunguliwa juu ya gunia, spana zimepangwa chini. Baadhi yao ni mafundi wanaolipwa. Lakini wengi hawalipwi kitu, wanapenda tu injini. Mtu ananunua pikipiki iliyokufa, anaifungua, anaifunga, anaifungua tena, mpaka siku moja inanguruma na majirani wote wanatoka kuangalia.

Hatuandiki ili kuwakataza. Ufundi huu ni mzuri. Kijana aliyeacha shule njiani anajifunza kitu ambacho atakwenda nacho popote atakapokwenda. Tatizo ni mahali. Fundi wa mjini ana karakana yake na nyumba yake mbali na kazi. Fundi wa kambini anafanya kazi hatua chache kutoka jiko la mama, mkeka wa mtoto na turubai la nyumba. Tukipita nyumba kwa nyumba tunayaona haya, ndiyo maana tumeamua kueleza hatari zake moja baada ya nyingine, na namna ya kujikinga.

MOSHI USIOONEKANA

Watu wengi wanaogopa moshi mweusi. Lakini hewa inayoua haraka zaidi haionekani. Injini inapochoma mafuta hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hata injini ambayo haitoi moshi wa kuonekana inaitoa.

Je, inaua namna gani? Damu yetu hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksidi huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo mtu anaendelea kupumua kama kawaida, lakini damu haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka. Aliyelala usingizi anaweza kufa bila kuamka. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Sisi hapa kambini tukisikia hivyo tunasema mara moja: malaria! Angalieni mambo haya matatu:

- Mara nyingi hakuna homa.
- Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja.
- Mtu akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani anaanza tena.

Ukiona hivyo na kuna injini au jiko la mkaa linalowaka, usisubiri kununua dawa ya malaria. Watoe watu wote nje kwenye hewa safi na uwapeleke kituo cha afya. Mwambie mganga: "Kulikuwa na jenereta inawaka." Neno hilo moja litamsaidia sana, kwa sababu tiba ya sumu hii ni oksijeni, si vidonge.

Kinga ni hii: usiwashe injini ndani ya nyumba, hata kwa dakika chache za kuijaribu. Kufungua mlango na dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, bomba la moshi likitazama upande usio na nyumba, yako wala ya jirani. Wenye vibanda vya video na vya kuchaji simu, hili linawahusu sana. Tunajua mnaogopa mvua na wezi. Mvua, jenga kibanda kidogo chenye paa na pande zilizo wazi. Wezi, funga mashine kwa mnyororo. Usilale nayo chumba kimoja inapowaka.

PETROLI INATEMBEA

Petroli, ambayo sisi tuliotoka Kongo tumezoea kuiita esanse, haiwaki kama kuni. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata usiku wa baridi, na ni mzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini kama maji mpaka unakuta jiko, mshumaa au sigara. Hapo moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye kidumu ulichokishika.

Wengi wetu tuliotoka Kivu ya Kusini tunakumbuka Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, mafuta yakamwagika, watu wakaenda kuyachota. Moto ulipolipuka walikufa watu zaidi ya 200. Miongoni mwao wamo waliokuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakuchota hata kikombe kimoja. Moto uliwafuata walipokaa.

Nyumbani kwako hakuna lori, lakini kidumu kimoja kinatosha kuteketeza nyumba ya turubai. Kwa hiyo:

- Safisha kabureta na jaza tangi mbali na jiko, yako na ya jirani. Zima injini na uiache ipoe kwanza.
- Usiku tumia tochi. Usichungulie tangi kwa kiberiti wala mshumaa.
- Petroli isilale ndani ya nyumba wanamolala watu.
- Weka ndoo ya mchanga karibu. Mafuta yakiwaka mwaga mchanga, usimwage maji, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kuusambaza moto.

Kuna jambo jingine la kila siku: kunyonya petroli kwa mpira wa kuhamishia mafuta. Mafundi wanasema, "Tumezoea, unatema tu." Ndugu yangu, tumboni siyo hatari kubwa. Hatari kubwa ni tone linaloteleza kuingia kwenye mapafu. Mafuta yakifika huko huchoma mapafu na kuleta kikohozi, homa na kushindwa kupumua, wakati mwingine baada ya saa kadhaa. Tumia pampu ndogo ya mkono au fungua mrija wa chini wa tangi.

Na tafadhali sana, usiweke petroli, oili wala maji ya breki ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma, anaijua chupa. Akinywa, USIMTAPISHE. Akitapika mafuta yatapita tena kooni na kuingia mapafuni. Mfute mdomo, mvue nguo iliyolowa, mpeleke hospitali haraka pamoja na ile chupa. Hata kama anacheza vizuri, mpeleke.

BETRI: TINDIKALI NA RISASI

Betri ya pikipiki au ya gari ina hatari tatu.

Ya kwanza ni tindikali. Inachoma ngozi na inapofusha macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, ukishikilia kope wazi, ndipo uende hospitali. Usianze kutafuta boda boda kabla ya kuosha; jicho linaharibika wakati unasubiri. Anayechanganya tindikali akumbuke: tindikali ndiyo inayotiwa polepole ndani ya maji. Ukitia maji ndani ya tindikali, huchemka na kukurukia usoni.

Ya pili ni hewa inayotoka betri inapochajiwa. Inalipuka kwa cheche ndogo. Chaji nje, pasipo na moto, na zima chaja kabla ya kuchomoa nyaya.

Ya tatu ndiyo inayojificha: risasi, yaani lile dini la kijivu lililomo ndani ya betri. Mahali pengi watu hupasua betri mbovu na kuyeyusha risasi ili watengeneze vizito vya nyavu au waiuze. Mvuke na vumbi lake ni sumu. Mtoto anayecheza kwenye udongo huo na kutia vidole mdomoni anaimeza kidogo kidogo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Anaweza kuchelewa kusema, kushindwa shuleni, kupata degedege, hata kufa. Ubongo ukishaharibika haurudi ulivyokuwa.

Haya yametokea. Huko Senegali, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Huko Mombasa, Kenya, wakazi wa Owino Uhuru walipata sumu ya risasi kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kando ya nyumba zao. Wengine wanasema petroli ndiyo yenye risasi. Ilikuwa kweli zamani; nchi ya mwisho kuuza petroli ya magari yenye risasi, Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini kwenye betri risasi bado ipo.

Kwa hiyo usipasue betri nyumbani. Iuze ikiwa nzima. Usiyeyushe risasi, na hasa usitumie sufuria ambayo itarudi jikoni. Anayegusa betri anawe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

CHENI, MKANDA NA VIDOLE

Cheni ya pikipiki inayozunguka haijui kidole cha fundi na cha mtoto. Usiipake mafuta wala kuifuta injini ikiwa inawaka. Mkanda wa mashine ya kusaga ni hatari zaidi: hushika kanga, kitenge, ushungi au mkono mrefu wa shati na kumvuta mtu mzima. Weka wavu au ubao mbele ya mkanda, na akina mama wanaoleta mahindi wasimame mbali.

Ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha fika kituo cha afya. Jeraha la chuma na udongo linaweza kuleta pepopunda. Uliza kama unahitaji sindano, hata kama jeraha ni dogo. Usipake oili chafu wala maji ya tindikali "kukausha" kidonda.

UKIUNGUA

Nguo ikishika moto usikimbie, upepo huuchochea. Lala chini, jiviringishe. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Vua pete na nguo isiyoganda kwenye ngozi. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, samli, unga wala maji ya breki. Vitu hivi hubakiza joto ndani, huleta uchafu, na mganga analazimika kuvikwangua kabla ya kukutibu, maumivu juu ya maumivu. Ukiungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au pakubwa kuliko kiganja chako, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mdogo apelekwe hata kama pameungua padogo.

"LAKINI SISI TUMEZOEA"

Jibu hili tunalisikia kila wiki. Ni kweli, fundi amezoea. Mikono yake inajua wapi pana joto na wapi pana makali. Lakini mtoto wa miaka miwili hajazoea. Mama aliyelala chumba cha pili hajazoea. Na mapafu, damu na ubongo havina mazoea na sumu, hata vya fundi mkubwa.

Kabla ya kuanza kazi leo, jiulize maswali matano:

1. Injini itawaka nje, mbali na mlango?
2. Kuna moto wowote karibu na petroli?
3. Watoto wako wapi?
4. Mchanga na maji safi viko karibu?
5. Mafuta yamo kwenye chombo chake chenye alama?

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, si kwa petroli, maana petroli hupasua ngozi na kupita ndani ya mwili. Grisi ikikataa, paka kwanza mafuta kidogo ya kupikia, sugua, halafu sabuni. Oili chafu usiimwage karibu na bomba la maji wala njia ya kwenda ziwani. Ikusanye kwenye kidumu.

Mwenye swali amuulize mhudumu wa afya wa kijiji chake, au afike kituo cha afya. Hatumkamati mtu wala hatumnyang'anyi spana. Na wewe uliyeweza kusoma ukurasa huu, msomee fundi wa jirani yako asiyesoma, kwa lugha yenu ya nyumbani. Leo jioni, kabla jenereta hazijawashwa.