Kuunganisha Redio ya Zamani na Kompyuta Bila Waya

Katika nyumba nyingi kuna zile amplifaya za zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili za mbao zilizofunikwa kitambaa. Kwetu ipo moja aliyoinunua marehemu babu. Sehemu ya kaseti ilikwisha kufa, na baba alikuwa amepatana na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aichukue kwa shilingi 400. Nilimwomba anipe wiki moja tu.

Kwa hakika, amplifaya haijali sauti inatoka wapi. Hupokea umeme mdogo unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, ikaukuza, ikaupeleka kwenye spika. Kaseti iliupeleka umeme huo. Kompyuta nayo yaweza. Kinachotakikana ni tarishi.

Tarishi huyo ni Bluetooth, iliyoanza kubuniwa na kampuni ya Ericsson ya Uswidi mwaka wa 1994. Jina lenyewe ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, eti aliitwa Jino la Buluu! Kompyuta hugeuza sauti kuwa tarakimu na kuzirusha kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Kipokezi kidogo, kadiri ya kiberiti, huzidaka na kuzirudisha ziwe umeme ule ule. Kwa kawaida hufika mita 10 hivi, ila ukuta wa mawe huyapunguza mawimbi. Kompyuta isiyo na Bluetooth huchomekewa kifaa kidogo kwenye tundu la USB.

Lakini huku kusema "bila waya" ni nusu ya ukweli. Kipokezi chataka stima ya chaja, na waya mfupi wa kukiunganisha na amplifaya: upande mmja pini ya milimita 3.5, upande wa pili pini mbili, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto.

Sasa geuza amplifaya uitazame mgongo. Hapa ndipo penye kazi. Matundu yaliyoandikwa AUX, TUNER au CD yote yafaa. TAPE pia yafaa, mradi uchomeke kwenye IN au PLAY, wala si OUT au REC, kwani hayo hutoa sauti badala ya kupokea. PHONO usiiguse! Tundu hilo ni la santuri, ambayo sindano yake hutoa milivolti chache mno. Kwa hiyo amplifaya huukuza umeme huo kupita kiasi, tena huongeza besi iliyopunguzwa santuri ilipochongwa. Kipokezi hutoa umeme wenye nguvu mara mia au zaidi, na ukiutia pale utasikia makelele ya kukwaruza, si wimbo.

Punguza sauti kwanza, kisha washa. Zungusha kitufe hadi AUX, fungua Bluetooth kwenye kompyuta, chagua jina la kipokezi, basi. Nyanya hasikii vizuri, na vile vispika vya kompyuta kwake ni kama mbu. Siku hiyo alisikiliza taarabu akiwa jikoni, na baba akamwambia yule mnunuzi biashara imekufa. Filamu, hata hivyo, husumbua kidogo: sauti huchelewa, midomo ikatangulia.

Ikivuma mmmm mfululizo, jaribu chaja nyingine. Ikikataa kabisa, usifungue kifuniko hata kama umechomoa stima, kwa maana ndani mna vihifadhi vya umeme vinavyoweza kukurusha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na redio isiyo na tundu lolote? Ikiwa ina FM, kuna virushio vidogo vinavyopokea Bluetooth na kurusha tena kwa FM. Tafuta mahali patupu kati ya 88 na 108, pasipo na stesheni ya watu. Mjini pamejaa kwelikweli, na sauti si safi kama ya AUX. Mwenye redio ya namna hiyo aje nayo chamani, tuitazame mgongo pamoja.