Kubisha hodi kwenye seva: telnet na wenzake (2)

Sehemu ya kwanza iliishia kwenye ping, programu aliyoiandika Mike Muuss mwishoni mwa mwaka 1983 ili kujua kama kompyuta ya mbali iko hai. Lakini seva inaweza kuitika ping vizuri kabisa huku barua pepe za ofisi nzima zimekwama tangu asubuhi. Watu wamo nyumbani. Mlango anaoutaka mgeni ndio haufunguki.

Kila huduma ya mtandao hukaa nyuma ya mlango wenye namba, ambao mafundi huuita poti. Tovuti za kawaida hukaa 80, zenye usimbaji 443, na seva za barua pepe hupokezana mizigo kupitia 25. Kwa miaka mingi, fundi aliyetaka kujua kama mlango fulani uko wazi alitumia telnet.

Telnet ni ya mwaka 1969, rika moja na ARPANET, na haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilikusudiwa kumwezesha mtu aliyeketi mbele ya kompyuta moja aitumie nyingine iliyo mbali, kupitia mlango wa 23. Ila ukiipa namba nyingine, inakufikisha mlangoni na kukuacha useme mwenyewe. Utamu uko hapo. Fundi anaandika telnet mail.example.com 25, kisha anabonyeza Enter. Seva ikiwa nzima, inamkaribisha kwa mstari unaoanza na 220. Anaandika EHLO na jina la kompyuta yake. Inamrudishia mistari ya 250, ikitaja yote inayoyaweza. Anaandika QUIT, inajibu 221, wanaagana. Kama tatizo liko kwenye programu ya barua ya mteja na si kwenye seva, limejulikana kabla chai haijapoa.

Hata kukataliwa kuna maana yake. Jibu la “Connection refused” likirudi papo hapo, kwa kawaida mashine imefikiwa ila nyuma ya mlango huo hakuna huduma inayosikiliza. Kimya kirefu ni habari nyingine: mara nyingi kuna ulinzi njiani unaomeza hodi bila kuitika. Mswahili hupiga hodi tatu akaondoka. Linux, isipobadilishwa mipangilio, hurudia hodi yake mara sita, na hukata tamaa baada ya dakika mbili hivi.

Aibu ya telnet ni kwamba kila kitu hupita wazi, nywila ikiwemo. Mwaka 1995, baada ya wanasa nywila kuingia kwenye mtandao wa chuo chake nchini Finland, Tatu Ylönen aliandika SSH, mbadala wenye usimbaji, ikapewa mlango wa 22, jirani kabisa na telnet. Hata hivyo vifaa vyenye telnet wazi viliendelea kuuzwa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwenye kamera na ruta kupitia mlango wa 23 kwa kujaribu nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa lililemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi.

Apple iliiondoa telnet kwenye macOS High Sierra ya mwaka 2017. Windows ilikuwa imeshaacha kuiwasha yenyewe tangu Vista. Uamuzi huo una kasoro. Hatari ni kuacha mlango wa 23 wazi na kuingilia humo kwa nywila, si ile programu ndogo ya kubishia hodi.

Aliyeikosa ana netcat, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1990 na mtu anayejiita Hobbit. Amri ya nc -zv hugusa mlango, hutoa jibu na kuondoka. Netcat pia hufika kwenye UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri kuitikiwa, ambako telnet haifiki, lakini kimya cha UDP kisiaminiwe: huenda mlango uko wazi, huenda hodi imemezwa njiani. Kwenye Windows ya sasa, PowerShell ina Test-NetConnection.

Mlango wa 443 ni kisa kingine. Telnet itaunganisha, kisha mazungumzo yatakwama, kwa kuwa seva inasubiri usimbaji. Hapo chombo ni openssl s_client, kinachoonyesha hata cheti cha seva, kimetolewa na nani na kinaisha lini. Cheti kilichokwisha muda huangusha huduma ambayo mlango wake uko wazi kabisa, na nc haitagundua chochote.

Nmap, ya Gordon Lyon tangu 1997, hubisha milango 1,000 kwa amri moja. Kwa hiyo, msomaji, ijaribu kwenye seva yako, au ya mwajiri aliyekupa ruhusa kwa maandishi. Msimamizi wa seva ya watu wengine atakachokiona ni mgeni anayejaribu kila kitasa.